Pesa imepita, jina halikuja

Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini usiku, simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa kampuni ya simu: shilingi 62,000 zimetoka, zimepokelewa na wakala wa majina ya mtandao hapa Kampala, ada ni hii, salio lililobaki ni hili. Hata sekunde kumi hazikuisha. Kwenye ukurasa wa huyo wakala, mahali pa kuonyesha hali ya oda, palikuwa na neno moja tu: inashughulikiwa.

Nikampigia Hajati. Hajati, niliyekuwa namnunulia jina la tovuti yake, ni mama wa Arua, ananunua asali kwa wafugaji nyuki wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anaichuja, anaitia kwenye chupa na kuileta mjini. Usiku ule alikuwa kwa ndugu yake Kisenyi akingoja neno langu, maana asubuhi alikuwa na miadi na mchapishaji wa lebo Nasser Road, na tiketi yake ya basi la kurudi nyumbani ilikuwa ya Jumamosi hiyohiyo usiku.

"Hajati, pesa imepita."

"Kwa hiyo nichapishe?"

"Chapisha tu, Hajati."

Lebo 2,000. Juu nyuki wa manjano, katikati jina la asali, na chini kabisa, kwa herufi za kijani, anwani ya tovuti inayoishia na .com. Jumanne asubuhi ndipo wakala aliponijibu: jina halikupatikana, limeshachukuliwa na mtu mwingine, na pesa yako tumekuwekea kwenye akaunti yako kwetu kama salio la kununulia jina lingine.

Kila ninayemsimulia kisa hiki anarukia palepale: wamekuibia! Wameona unalitafuta, wakaliwahi. Sikatai kwamba nami niliwaza hivyo, tena kwa hasira. Lakini tuhuma hii ni ya zamani. Kamati ya usalama ya ICANN, lile shirika la Marekani linaloratibu majina ya mtandao duniani tangu 1998, ililichunguza jambo hili mwaka 2007 na 2008, na haikutoka na ushahidi wa kutosha wa kumtia mtu hatiani. Basi kabla ya kumwita mtu mwizi, nilifungua ukurasa wa ICANN wa kutafutia taarifa za domeni (domeni ndiyo hayo majina ya mtandao; ndugu zetu Watanzania huziita vikoa, nami nalipenda neno lao, ila hapa Kampala ukilisema utaulizwa mara mbili). Jina letu lilikuwa limeandikishwa Jumapili, saa 14:06 kwa saa za dunia. Ongeza tatu, ni saa kumi na moja jioni kwetu. Mwenyewe amefichwa, msajili wake, yaani kampuni iliyomwandikishia, yuko ng'ambo.

Soma hizo saa tena. Sisi tulilipa Ijumaa usiku. Mwingine alilichukua Jumapili jioni. Kwa karibu siku mbili nzima jina lilikuwa limekaa wazi, halina mtu, na pesa ya kulinunua ilikuwa tayari mkononi mwa anayeuza.

Nilipata ukweli kwa kupiga simu, si kwa kuandika. Kijana wa huduma kwa wateja, mpole sana, alinong'ona kama anayetoa siri ya ukoo: "Bosi wangu, dola zetu ziliisha Ijumaa. Mkubwa aliongeza Jumatatu."

Hapo ndipo penye kiini chote, na wengi wetu tunaonunua domeni hatupajui. Wakala wa Kampala hana jina lolote dukani. Kila jina la .com liko kwenye daftari moja linalotunzwa na kampuni ya Marekani iitwayo Verisign. Anayeruhusiwa kuandika kwenye daftari hilo ni msajili aliyeidhinishwa na ICANN. Wakala wetu yuko chini ya msajili, na kwa kawaida huweka amana ya dola kwake. Kila jina likiuzwa, amana inakatwa. Amana ikiisha, oda zinasimama foleni. Mteja haambiwi kuwa kuna foleni. Anaambiwa inashughulikiwa, naye anapata picha ya mtu fulani ameketi mahali, miwani puani, akiangalia maombi yake. Hakuna mtu. Mashine ya daftari ikiulizwa hujibu papo hapo: 1000 maana yake limeandikishwa, 2302 maana yake kitu hicho tayari kipo. Jumatatu asubuhi, oda yetu ilipofika mlangoni hatimaye, ilipokelewa na 2302. Kilichokuwa kimesubiri siku zote hizo ni dola za wakala, na riba ya kusubiri tumelipa sisi.

Sina ugomvi na kushindwa. Majina ya mtandao ni ya anayetangulia, na watu wawili wanaweza kulitaka jina moja saa ileile. Ugomvi wangu ni kwamba pesa inakimbia kwa mwendo wa simu huku jina likitembea kwa mwendo wa mfuko wa mtu mwingine, na hasara yote ya tofauti hiyo anabebeshwa mnunuzi. Ukiishiwa unga, husimami kwenye kibanda cha chapati kuchukua pesa za watu ukisema inashughulikiwa.

Sasa hilo salio. Nilipodai pesa yangu irudi kwenye simu, nililetewa masharti: malipo ya domeni hayarudishwi. Sharti hilo lina sababu yake, sikatai. Jina likishaandikishwa, msajili ameshalipia daftari, hawezi kulirudisha rafuni kama sukari. Hata hivyo, kwa .com kuna siku tano za mwanzo ambazo msajili anaweza kulifuta jina na kurudishiwa ada yake. Zamani wajanja waliutumia mwanya huo kuandikisha majina kwa maelfu, kuyaonja kama yana wageni, kisha kuyatupa bure, mpaka ICANN ikauminya mwaka 2009 kwa kuweka kikomo cha wanachoweza kurudishiwa kwa mwezi. Kwa hiyo naelewa wakala mdogo kuogopa mteja wa kubadili mawazo. Lakini mimi sikubadili mawazo! Hakuna kilichoandikishwa, hakuna aliyelipwa huko juu, dola hazikutoka. Sharti la mauzo yaliyokamilika linatumiwa kwenye mauzo ambayo hayakufanyika kabisa. Salio ni jina la adabu la mkopo ambao sikukubali kuutoa.

Ukisema ushtaki, ushtaki wapi? Hajati alinionyesha cheti chake cha URSB, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, amekiweka ndani ya plastiki, akauliza kama hakitoshi. Hakitoshi. Kuandikisha jina la biashara Kampala ni daftari moja, domeni ni daftari lingine, na hayo mawili hayasalimiani. Kuna utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya majina, ulianza mwaka 1999, lakini ule ni wa kumwandama mwenye jina, tena uwe na alama ya biashara na uthibitishe kuwa alilichukua kwa nia mbaya. Ada yake pale WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosikiliza migogoro hiyo, huanzia dola 1,500, zaidi ya shilingi milioni tano. Kwa aliyepoteza 62,000! ICANN yenyewe hupokea malalamiko dhidi ya wasajili wake, na mkataba wake wa 2013 unamfanya msajili awajibike hata kwa mawakala walio chini yake, ila mambo ya bei na kurudishiwa pesa haiyaingilii. Na kama jina lako ni la .ug, huko usibishe hodi kabisa, majina ya nchi hayako chini ya mikataba hiyo.

Nyumbani kuna sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011, nayo ina sehemu ya kumlinda mnunuzi. Kuna pia utaratibu wa madai madogo mahakamani, hadi shilingi milioni 10, bila wakili. Ni jambo jema na nimeona limewasaidia watu waliokopwa na majirani. Lakini fikiria Hajati apande basi kutoka Arua, usiku kucha, aje kudai 62,000. Nauli ya kwenda na kurudi inaimeza hiyo pesa na kubaki na njaa. Wauzaji wanaijua hesabu hii vizuri kuliko wewe na mimi. Kila dai moja ni dogo mno kufuatiliwa, nayo yote pamoja ni mtaji wa mtu.

Nisijifanye malaika. Miaka kadhaa nyuma nilimwandikishia mwalimu mkuu mmoja domeni ya shule yake, nikaweka barua pepe yangu badala ya yake kwa sababu yake alikuwa haifungui. Ule ujumbe wa kuthibitisha anwani, ambao usipojibiwa ndani ya siku 15 jina linaweza kusimamishwa, ulikuja kwangu ukazama katikati ya matangazo. Tovuti ya shule ikazimika wiki ya kupokea wanafunzi wapya. Mwalimu aliponipigia nilimwambia, "Mwalimu, mtandao unasumbua." Mtandao haukuwa unasumbua. Kwa hiyo ninaposema neno inashughulikiwa ni uongo, nasema kama fundi anayelijua, nimelitumia.

Ninachodai ni kidogo. Wakala aulize daftari kwanza, apate jibu, ndipo pesa ikatwe. Au kama lazima ikatwe mapema, basi jibu likiwa hapana irudi njia ileile iliyojia, siku ileile, na ada yake. Na kama dola zimeisha, aandike dola zimeisha. Aibu ya kuandika hivyo ni ndogo, na mimi ningekwenda kwa mwingine usiku uleule. Hadi hilo lifanyike, nami nimebadili mwenendo: siangalii tena ukurasa wa anayeuza kujua kama jina ni langu. Naangalia kule kwenye taarifa za ICANN, nione tarehe ya kuandikishwa, ndipo nampigia mteja. Ujumbe wa simu unathibitisha kitu kimoja tu, kwamba nimeachana na pesa yangu.

Zilirudi, mwishowe. Wiki tatu, jumbe kumi na moja, na simu nne ambazo mbili zilikatika nikiwa naambiwa nisubiri kidogo. Zilirudi 60,800, ada ya kutuma wamenikata mimi. Kuhusu lebo hakuna aliyesema kitu, na kwa haki ya Mungu lebo zilikuwa deni langu mimi niliyesema chapisha. Nilimwambia Hajati nitazilipa. Alikataa, akasema atakata chini.

Alikata kweli. Nilipofika Arua nilimkuta uani na wajukuu watatu, mikasi mitatu, rundo la lebo kwenye beseni la bluu. Walikuwa wakiondoa ukanda wa herufi za kijani kutoka kila moja, na vipande vimetapakaa miguuni kama majani ya muhogo yaliyochambuliwa. Chupa zilizokwisha kubandikwa zilikuwa zimepangwa ukutani, lebo nyingine zimekwenda upande, mkasi wa mtoto.

Nilimwonyesha jina jipya kwenye simu, limeongezewa neno moja mbele, na tarehe yake ya kuandikishwa chini. Hajati alifuta mikono, akavaa miwani, akalisoma herufi moja moja kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akamwambia mjukuu mkubwa aache kukata kwanza, akaniuliza lebo mpya elfu moja siku hizi Nasser Road ni kiasi gani.