Kilo 45 za korosho kwa chombo cha anga cha plastiki

Shemeji yangu anaishi Lindi mjini, lakini shamba lake la mikorosho liko Nachingwea, na ana desturi ya kugeuza bei ya kitu chochote kuwa kilo kabla hajasema kama ni ghali au ni nafuu. Mwaka jana nilipomletea mwanawe wa miaka kumi seti ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vinavyoshikana, ya kuunda X-wing, kile chombo cha anga cha mabawa manne kinachoonekana katika filamu za Star Wars, aliuliza nimelipa kiasi gani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shemeji, hizo ni kilo arobaini na tano." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Dukani nje ya nchi seti hiyo ya vipande 474 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 49.99, lakini ukijumlisha ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na gharama ya kuufikisha mzigo Lindi, mimi nilitoa shilingi 180,000, na katika msimu wa 2024/2025 bei ya korosho mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Sasa kijana ameona picha ya chombo kingine kutoka filamu hizohizo, Millennium Falcon, na swali lile limerudi barazani kwa uzito mkubwa zaidi.

Hoja ya shemeji haipaswi kuchukuliwa kama ubahili wa mkulima. Anasema watoto wa mkoa huu wamekuwa wahandisi tangu zamani bila kuletewa sanduku kutoka nje: gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya ndala zilizokatika hutengenezwa na mtoto asiyefundishwa na mtu, bila kijitabu, na likiharibika hujua mwenyewe pa kulikaza. Anaongeza kwamba mtu anayenunua chombo cha filamu analipia jina zaidi ya plastiki, na kwamba jina halishikiki mkononi. Hayo mawili ni ya kweli, na yeyote anayetaka kutetea ununuzi huu, kama ninavyotaka mimi, hana budi kupita juu yake badala ya kuyazunguka.

Tuanze na jina. Tofali lenyewe si siri ya mtu tena. Kampuni ya LEGO, yenye makao Billund nchini Denmark, iliwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ya tofali lake tarehe 28 Januari 1958, hataza hizo zikaisha muda wake, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa kuliruhusu umbo la tofali lenye vinundu vya kushikia juu yake liwe alama ya biashara ya kampuni moja, kwa sababu umbo hilo ni la kazi na si la pambo. Kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kutengeneza matofali yanayoshikana na yale ya Denmark bila kuvunja sheria. Kisichoruhusiwa ni kunakili seti nzima pamoja na sanduku lake, na hilo ndilo lililomfikisha jela mkuu wa mtandao wa Lepin, waliokuwa wakiuza nakala za seti za LEGO, huko Shanghai, aliyehukumiwa mwaka 2020 kifungo cha miaka sita. X-wing ina mwenyewe, tofali halina. LEGO ilipoanza kuuza vyombo vya Star Wars mwaka 1999 ilikuwa inalipia haki ya kutumia michoro ya watu wengine, na sehemu ya malipo hayo hutoka mfukoni kwa mnunuzi. (Sisi watu wa Lindi tuna sababu ya kutabasamu hapa. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ikafungwa kwenye masanduku na kuunganishwa upya huko Berlin hadi kufikia urefu wa mita 13.27 kwenda juu, hutazamwa na dunia nzima, na hakuna aliyewahi kutuomba leseni.)

Wanaoshabikia seti hizi wana njia yao ya kupima kama jina limewapunja: hugawanya bei kwa idadi ya vipande. Kwa kipimo hicho X-wing ya kijana wetu inagharimu senti 10 na nusu za Marekani kwa kipande. Seti ya roketi ya Saturn V, roketi ambayo haikutoka kwenye filamu bali ndiyo iliyowapeleka watu mwezini, iliuzwa kuanzia mwaka 2017 kwa dola 119.99 ikiwa na vipande 1,969, idadi iliyochaguliwa ili ilingane na mwaka wa safari yenyewe. Hiyo ni kama senti 6 kwa kipande. Seti ya chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Discovery, iliyotoka mwaka 2021 na vipande 2,354 kwa dola 199.99, ni senti 8 na nusu. Ukizipanga namba hizo pamoja, unaona kama umemkamata mwizi: vyombo vya kweli ni nafuu na vyombo vya hadithi ni ghali, na tofauti hiyo ndiyo jina.

Nilikipenda kipimo hicho kwa muda mrefu, mpaka siku nilipokaa mkekani na vipande vyenyewe mbele yangu. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kangomba ni nini, kile kipimo ambacho mnunuzi hukiita kilo huku kimebeba zaidi ya kilo, na mkulima akaondoka akiwa amehesabiwa vizuri na kupunjwa vizuri. Senti kwa kipande ni kangomba ya watu wa matofali, ila hii huweza kupunja pande zote mbili. Kigae kidogo cha kinundu kimoja, ambacho mtoto akikiangusha kinapotelea kwenye ukindu wa mkeka, huhesabiwa kipande kimoja, na ubao mpana unaobeba bawa zima nao huhesabiwa kipande kimoja. Mtengenezaji akitaka seti yake ionekane nafuu anaweza kuijaza vigae vya kupambia uso wa chombo, na idadi ikapanda bila mtoto kuongezewa kazi ya maana. Tena kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu kinachotokea baada ya kipande cha mwisho kukaa mahali pake. Korosho huliwa mara moja, kwa hiyo kilo inatosha kuipima. Tofali haliliwi, na ukilipima kwa namna ya kitu kinacholiwa lazima jibu litoke pungufu.

Nilichokiona mkekani kilinifanya nibadilishe swali. Dada yangu alitoa sinia mbili za pilau, kijana akapanga vipande vya kijivu upande mmoja na vyeupe na vyekundu upande wa pili, kisha akafungua kijitabu. Kijitabu hicho hakina sentensi hata moja ya maelezo. Kina michoro tu, kila hatua ikionyesha vipande vinavyohitajika na mahali vinapokwenda, na mtoto analazimika kutazama umbo lililochorwa kwa pembe na kuligeuza kichwani mpaka lilingane na lililo mkononi mwake. Wanafunzi wengi wa ufundi hukutana na kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwenye darasa la uchoraji, wakiwa wameshavuka miaka kumi na mitano, na wengi huiona ngumu kuliko hisabati. Alifika kwenye bawa la tatu kipande kikakataa kukaa. Alikibonyeza, akakigeuza, akanitazama na kusema, "Mjomba, hiki kimekosewa kiwandani." Hakikukosewa. Tulirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, na kosa tulilikuta kurasa kumi na nane nyuma, mahali alipoweka ubao wa kijivu wa vinundu viwili kwa sita ukiwa umesogea kinundu kimoja tu pembeni. Kurasa zote kumi na nane chombo kilikuwa kimeendelea kujengeka, kikiwa na sura nzuri juu ya kosa lisiloonekana. Akalibomoa bawa zima bila kulia, jambo ambalo mama yake hakulitarajia.

Gari la waya halina funzo hilo, na nasema hivi nikiwa nimelitengeneza na kuliendesha mwenyewe. Funzo lake ni ubunifu, nalo ni jingine na pengine ni kubwa zaidi. Waya hukusamehe: ukikosea kipimo unaukunja kidogo na safari inaendelea. Tofali halisamehi, maana nafasi kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8 kamili, na tofali la mwaka 1958 bado linashikana na la leo kwa sababu kipimo hicho hakijaguswa. Mtoto anayejifunza kwamba kosa la asubuhi hujitokeza jioni amejifunza jambo ambalo hata wasimamizi wa majengo hapa petu hulijua kwa kuchelewa.

Hapo ndipo jina linaponirudia kwa sura nyingine, na hapa sikubaliani kabisa na shemeji. Mtoto wa miaka kumi hakai saa nne mkekani kwa ajili ya uchoraji wa kiufundi. Anakaa kwa sababu anakijua chombo kile, amekiona kikiruka, na anataka kukiona kikitoka mikononi mwake. Niliwahi kumletea sanduku la matofali matupu yasiyo na jina, ya bei ndogo. Alijenga ukuta, akajenga mnara, na siku ya tatu sanduku likawa la kuhifadhia penseli. Jina ndilo lililomkalisha. Fedha inayokwenda kwa wenye filamu si ya bure, ni kama ada ya ngariba: kazi haifanyiki bila yeye, hata kama hakai na mtoto baada ya hapo.

Lakini jina hilohilo hudai malipo ya pili, yasiyoandikwa kwenye sanduku, nayo yananisumbua kuliko ya kwanza. Matofali sita tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, huweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Seti yenye vipande 474 ina uwezo wa kuwa karibu chochote, ila mwenye X-wing hataki iwe chochote. Anataka iwe X-wing. Inawekwa juu ya kabati, inashika vumbi, jua la dirishani linaanza kuipa plastiki nyeupe rangi ya manjano, na kilo 45 za shemeji zinakuwa zimeliwa mara moja kweli, kama alivyosema. Wiki tatu baada ya kumaliza, ya kijana wetu ilikuwa bado juu ya kabati. Nilitumia nafasi yangu ya mjomba, ambayo kwetu bado ina sauti kidogo, nikamwomba aibomoe. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaibomoa, na kilichotokea kilikuwa pantoni inayovuka kwenda Kitunda, yenye mlango wa kushusha magari uliotokana na bawa. Baadaye akaiunda tena X-wing, kisha kitu alichokiita trekta ambacho mimi sikukitambua. Kufikia sasa nimehesabu maumbo sita, na shilingi 180,000 zikigawanywa kwa sita ni 30,000 kwa kila umbo, hesabu ambayo shemeji aliisikiliza bila kuikubali wala kuipinga.

Wapo wanaosema tusibomoe wala tusifungue, tuhifadhi sanduku na kuliuza baada ya miaka. Utafiti wa wachumi wa Chuo Kikuu cha HSE cha Moscow, uliopitia seti za mwaka 1987 hadi 2015, ulikuta faida ya wastani wa asilimia 11 kwa mwaka kwenye soko la mitumba. Namba hiyo ni ya kweli na haitufai. Faida yake inamhitaji mnunuzi anayekusanya, sanduku lisilopinda kona, na nyumba isiyopigwa na unyevu wa bahari, na katika hayo matatu Lindi hatuna hata moja la uhakika.

Inabaki Millennium Falcon. Anayoitaka kijana ni ile kubwa, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na vipande 7,541 kwa dola 799.99 na baadaye ikapandishwa hadi 849.99. Kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili kabla ya ushuru na usafiri, yaani zaidi ya nusu tani ya korosho, na kwa mara ya kwanza shemeji hakuhitaji kusema kilo. Bei pekee ingeweza kutosha kulimaliza jambo, lakini sikutaka limalizwe na bei, kwa sababu ipo pia Falcon ndogo ya mwaka 2019 yenye vipande 1,351, ambayo kwa kuchangishana na kusubiri ingewezekana. Kwa hiyo nilimuuliza kijana swali moja kuhusu ile kubwa: nikiileta, ataibomoa? Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema ile hapana, ile ataiweka juu ya kabati. Kuhusu ndogo alijibu haraka kwamba ina vipande vingi vya kijivu, na pantoni yake imepungukiwa na vya kijivu. Tumeanza kuchanga kwa ajili ya ndogo.