Mpaka unaopita ndani ya nyumba za watu

Nimeifurahia makala yenu kuhusu marafiki wawili waliozunguka nchi kadhaa za Ulaya kwa treni, ila nasikitika kwamba hawakufika Baarle, mji uliogawanyika kati ya Uholanzi na Ubelgiji. Mimi na rafiki yangu tulikwenda huko kwa basi kutoka Breda, Uholanzi, tukakuta vipande vya Uholanzi na vya Ubelgiji vimechanganyikana kiasi kwamba mpaka, uliochorwa kwa misalaba myeupe njiani, hupita ndani ya nyumba za watu, na kwa desturi nyumba huhesabiwa kuwa ya nchi ulipo mlango wake wa mbele. Mwenzangu alisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, akanyoosha pasipoti na kuniamuru niigonge muhuri. Sisi tuliozoea foleni za Namanga tulicheka hadi wapita njia wakageuka. Luxembourg nako, ambako tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili hupandwa bila nauli, bwana huyo huyo alizunguka kituo kizima akitafuta dirisha la tiketi, akiamini kwamba bure ya namna hiyo lazima ina mtego.