Sikio la Mpiga Piano Nalo Lipelekwe Shule

Mpwa wangu amerudi kutoka kwenye somo la piano akiwa amenuna, kwa sababu mwalimu alimkuta akitafuta kwa sikio wimbo aliousikia redioni, akafunga kifuniko cha piano na kumwambia kwamba mchezo huo utamharibu kabla ya mtihani wa gredi, yaani mtihani wa kupanda ngazi katika muziki. Nimekasirika, kwani maisha ya wapiga piano wakubwa wa jazi yanampinga mwalimu huyo waziwazi.

Mtazame Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Alizaliwa Chicago mwaka 1940, akaanza piano akiwa na miaka 7, na mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 11 tu, alipiga muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, pamoja na okestra ya simfoni ya mji huo. Hakuna mwalimu wa noti ambaye asingejivunia mwanafunzi wa namna hiyo. Hata hivyo, Hancock mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa sekondari alimwona kijana wa rika lake akibuni muziki papo hapo katika onyesho la shule, kwenye chombo kilekile ambacho yeye alidhani amekwisha kukimudu, na hakuelewa kabisa jinsi jambo lile lilivyofanyika. Miaka yote ya kusoma noti haikuwa na jibu. Alimfuata mwenzake kumuuliza, akashauriwa asikilize santuri za mpiga piano wa jazi George Shearing. Alipofika nyumbani kumwomba mama yake amnunulie, akaambiwa kwamba alikwisha kununuliwa, nazo zimo humo humo ndani.

Hapo ndipo shule yake ya jazi ilipoanza. Alitafuta kwenye santuri kipande kinachofanana na alichokisikia kwa yule kijana, akakirudia mpaka kikamkaa kichwani, akakisaka kwenye vibao vya piano sauti moja baada ya nyingine, akakiandika, kisha akakichunguza ili ajue kimejengwaje, hadi akaanza kuona kwamba umbo lilelile hujitokeza tena mahali pengine katika ufunguo mwingine, yaani likianzia kwenye sauti nyingine. Kazi hiyo inadai uvumilivu mkubwa kuliko kukariri ukurasa uliokwisha kuandikwa, maana hakuna wa kukuonyesha kidole kiende wapi, na kosa lako unaligundua wewe mwenyewe kwa kulisikia. Anayeiita mchezo hajawahi kuifanya.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba bila mafunzo ya awali Hancock asingekuwa na vidole vya kutekeleza alichokisikia wala kalamu ya kukiandika. Nakubali pia kwamba mitihani ya gredi ina sehemu ya kusikiliza, ingawa walimu wengi huikumbuka siku chache kabla ya mtihani.

Sikio lilimlipa hata katika kazi. Mpiga tarumbeta Donald Byrd alimchukua bendini mwake, akamkaribisha nyumbani kwake New York mwaka 1961 na kumfundisha asigawe ovyo haki za tungo zake, msaada ambao kijana yeyote anayeanza angeuhitaji. Mwaka uliofuata Hancock alirekodi albamu yake ya kwanza, yenye “Watermelon Man”, na mdundo wa wimbo huo aliutoa kwenye kumbukumbu ya utotoni ya gari la farasi la muuza matikiti likipita juu ya mawe ya vichochoro vya Chicago. Mpiga ngoma Mongo Santamaría aliupiga upya ukavuma mwaka 1963, mwaka uleule ambao mpiga tarumbeta mashuhuri Miles Davis alimwita Hancock kwenye kundi lake. Hakuna kitabu cha mazoezi ambacho kingempa sauti ya magurudumu yale. Aliihifadhi kwa sababu alikuwa mtoto anayesikiliza.

Sidai kwamba noti zitupwe. Ninachotaka ni kila somo litenge muda wa mtoto kutafuta wimbo mwenyewe, mbele ya mwalimu anayeweza kumsahihisha. Watu wa kufundisha hilo tunao: ni wapiga vinanda wa makanisani kwetu, wanaoweza kumfuata mwimbaji aliyeanzisha wimbo katika ufunguo wowote, bila taarifa na bila karatasi. Wengi wao hawaajiriwi na shule za muziki kwa kuwa hawana cheti, na wenye shule hizo wanapaswa kutueleza wazazi na walezi tunaolipa ada ni nani mwingine atakayewafundisha watoto wetu kusikia.