"Iko poa kaka" haitengenezi gemu

Mpe mtu wa huku kwetu Mbeya gemu uliyoitengeneza mwenyewe. Atacheza kidogo, atakurudishia padi ya kuchezea, kisha atasema: "Hongera kaka, iko poa." Kwenye harusi adabu hiyo inafaa. Kwa mtengeneza gemu haina faida yoyote, na mimi namhesabu anayeitoa kama mtu ambaye hakucheza.

Nasema hivi kwa sababu ya vijana wawili wa chuo walioleta laptop yao kwenye kibanda kimoja cha gemu Mwanjelwa. Gemu yao ni ya kukimbia na kuruka, wameitengeneza kwa mapenzi ya Super Mario Bros., gemu ya kampuni ya Nintendo ya mwaka 1985, picha za vipande vipande vya mraba na muziki wa milio. Wazoefu wa kibandani, waliokulia na kaseti za njano za gemu za zamani, walimaliza steji ya kwanza huku wanapiga soga. Sifa zikamiminika. Baadaye akaja mama muuza parachichi kumfuata mwanawe, naye akapewa padi. Akafia kwenye shimo la kwanza, akarudia, akafia hapohapo.

"Mimi nimebonyeza, mwanangu. Huyu mtu wenu ndiye hataki kuruka."

Kijana akaanza kumweleza: "Mama, ubonyeze mapema kidogo..." Hapo nilitamani kumziba mdomo. Gemu ikishafika kwenye simu ya mtu kule Makambako, nani atakuwa pembeni kumweleza?

Tena mama alikuwa sahihi. Alibonyeza mguu wa shujaa ukiwa umeshatoka ukingoni, ila kwa muda mfupi mno hata macho hayaoni. Gemu nyingi nzuri za aina hii husamehe hapo: ukishatoka ukingoni, kitufe cha kuruka bado kinakubaliwa kwa fremu chache, yaani picha mojamoja zinazopita kwenye skrini. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, fremu sita ni sehemu ya kumi tu ya sekunde. Ni hivyohivyo kwa anayebonyeza kabla hajatua. Gemu ikumbuke, imrushe akigusa chini. Mchezaji hatajua kwamba amesaidiwa. Atajiona fundi.

Wapo watakaosema gemu za zamani zilikuwa ngumu, kwa hiyo tuache hivyo. Sikubaliani nao. Angalia mwanzo wa Super Mario: kiumbe kimoja kinakuja kutoka kulia, matofali yako juu, hakuna maelezo yoyote. Ukigongwa, umejua kwamba yule ni adui, na umepoteza sekunde chache tu. Ukishikilia kitufe unaruka juu zaidi, na hilo pia unaligundua kwa vidole vyako. Ugumu unakuja baadaye, na ukifa unajua kosa ni lako.

Wale wazoefu, walipobanwa waseme zaidi, wakaagiza bunduki, pikipiki na bosi mwenye vichwa vitatu. Hiyo ni gemu nyingine kabisa. Mjaribu gemu aseme amefia wapi, alitegemea nini kitokee, na wapi alianza kuangalia simu yake. Dawa ni kazi ya fundi.

(Na ile kofia nyekundu ya shujaa wao, kama ya Mario wa Nintendo, waivue mapema. Mwaka 2016 Nintendo iliizuia AM2R, gemu iliyotengenezwa na shabiki wa Metroid, ambayo ni gemu ya Nintendo, muda mfupi tu baada ya kutoka. Sega, kampuni yenye gemu za Sonic, walikwenda njia nyingine: Sonic Mania ya 2017 iliongozwa na Christian Whitehead, aliyeanzia kwenye kazi za mashabiki. Lakini usipange maisha yako kwa kutegemea ukarimu wa kampuni.)

Jambo la mwisho nililowaambia ni kuhusu watu wenyewe. Mtu akishalijua shimo, hawezi tena kuwa mgeni wa shimo hilo. Macho mapya unayapata mara moja tu kwa kila mtu. Kwa hiyo wasiimalize Mbeya nzima kwa toleo hili bovu. Wa Mwanjelwa wametosha. Wa Uyole na Tukuyu wabaki kwanza, hadi kuruka kurekebishwe.