Mnatukatia wimbo magitaa yakianza

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa fundi cherehani wangu, Ng'ambo, hapa Tabora, nasubiri suruali iongezwe kiunoni. Redio yake ameifunga kwa kamba ya katani kwenye nondo ya dirisha. Antena ilishavunjika zamani, amechomeka spoku ya baiskeli. Kituo cha hapahapa mjini, kipindi cha zilipendwa. Ikaingia Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli. Waimbaji wakamaliza ubeti, gitaa la solo likaanza kuchomoza, na mtangazaji akaliparamia kutusomea tangazo la duka la simu. Wimbo ukaishia hapo.

"Huyu mtoto kafunzwa na nani?" akauliza fundi, akaendelea kushona.

Kafunzwa na flashi ya nyimbo, nadhani. Santuri ndogo za zamani, zile za mizunguko 45, upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushee tu, na wimbo wa dansi haukai humo. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: huku mashairi, kule magitaa. Mtangazaji wa enzi zile aliigeuza santuri. Leo naletewa nyimbo kwenye simu, nyingine ni sehemu ya kwanza peke yake, maana aliyeziingiza kwenye kompyuta hakujisumbua kugeuza. Kijana aliyezikuta hivyo atajuaje kwamba utamu wenyewe umebaki upande wa pili?

Na muziki huu redio ndiyo iliyoulea. Serikali ilipoichukua redio mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri zilichapwa Nairobi. Bendi ya huku ikitaka kusikika nchi nzima ilibeba magitaa na kupanda treni, kilomita kama 840 mpaka Dar es Salaam, ikarekodi studio za RTD Barabara ya Pugu. Tepu zile ndizo zilizopigwa hewani, ndizo TBC, shirika la utangazaji la taifa, ilizorithi. Huku mikoani watu walianika betri za National juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungulia mlango redio za watu binafsi, na mimi niliifurahia. Nilidhani tukipata redio zetu tutajisikia wenyewe. Mji huu umetoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ukatoa Nyanyembe. Hata Western Jazz iliyotamba Dar ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, yaani huku kwetu. Sasa sikiliza kipindi chetu: nyimbo nane zilezile, na kila bendi inaitwa "wazee wa kazi". Wazee gani? Wa kazi ipi? Taja jina la bendi, ndugu yangu, sekunde mbili tu.

Matangazo ndiyo yanayolipa umeme, hilo halina ubishi. Yasome kabla ya wimbo, hata matatu kwa mpigo, tutavumilia. Na Isevya na Kanyenye bado wapo wazee waliocheza dansi hizo wakiwa vijana; mpelekee mmoja maikrofoni akuambie solo lilikuwa linaanzia wapi na watu walikuwa wanafanya nini likianza. Haigharimu hata lita ya mafuta ya pikipiki. (Wengine watakuomba soda. Nunua.)

Nilipokuwa najaribu suruali nyuma ya pazia, nikamsikia fundi anapiga mluzi. Ilikuwa ile sehemu iliyokatwa. Aliichukua pale pale mtangazaji alipoingilia, akaenda nayo taratibu hadi mwisho, na cherehani ikimfuata. Suruali ilikuwa bado inabana, lakini sikutoka kumwambia mpaka alipomaliza.