Hatua Chache Tu Kutoka Baharini

"Shemeji, si uko hapo hapo Malindi? Tutafutie hoteli ya ufuoni, ya watoto, nzuri, isiwe ghali."

Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri huo, kutoka Kitengela, huko bara karibu na Nairobi. Chini yake bango: bwawa la buluu, mnazi ulioinama kama unasikiliza umbea, mtoto anacheka hadi magego, na tarakimu nyekundu, kuanzia 6,500. Wanakuja sita: baba, mama na watoto wanne, wa mwaka 1, wa 4, wa 8 na wa 11. Agosti. Siku nne, usiku tatu.

Si uko hapo. Kana kwamba mtu akizaliwa Malindi hupewa jina na funguo za hoteli siku moja. Hoteli za ufuoni sisi tunazijua kwa nje: ukuta, maua, na askari wa getini anayekuuliza unakwenda wapi ilhali hiyo ndiyo njia ya kwenda kwenu. Ndani tunaingia kwa harusi ya tajiri, kwa semina, au kwa mlango wa jikoni na kapu la samaki. Lakini bahari tunaijua, na ndiyo ambayo bango halikuitaja hata kwa herufi moja.

Tuanze na shule. Shule hufungwa mara tatu kwa mwaka, na mara zote tatu bahari haikuulizwa. Aprili ni masika, na hoteli nyingine karibu na msimu huo hufunga kabisa zikapaka rangi. Agosti ni kusi: upepo unasukuma tangu asubuhi, na ghuba iliyo mbele ya mji haina mwamba wa kuikinga, kwa hiyo wimbi linakuja moja kwa moja hadi magotini mwa mtoto bila kupiga hodi. Desemba ni kaskazi, raha mustarehe, ila vuli imekwisha kunyesha bara, Sabaki imeshuka nyekundu, na kaskazi inayakokota maji yake kuja kusini hadi usawa wa mji. Bahari inageuka chai ya maziwa. Na Sabaki ni nani? Ni ule ule mto Athi, unabadilisha majina njiani kama mtu anayekimbia deni: juu ni Athi, katikati Galana, huku kwetu Sabaki. Kwa hiyo mtu wa Kitengela anasafiri kilomita kama 600, analipa, anavua viatu, anaoga udongo wa kwao. Kisha analalamika kwamba Malindi maji yake machafu.

Agosti basi, na iwe. Kwa kusi na watoto wa umri huo, mtu atazame kusini mwa mji, Silversands kuelekea Casuarina, ambako mwamba uko mbele na wimbi linavunjikia huko. Au aende zake Watamu, kilomita 20 na ushei, ghuba zile zenye visiwa vya mawe. Mambrui, kaskazini mwa mji, mchanga unameta kama dhahabu. Hiyo ni ya kupiga picha, si ya mtoto wa miaka 4.

Haya. Nambari ya hoteli ya bangoni, simu inaita.

"Karibu sana hotelini kwetu, nikusaidie vipi?" Sauti kama halua.

Unajibu kwa heshima zote, salamu mbili tatu, unauliza kama hoteli iko ufuoni.

"Ndiyo bwana. Ni hatua chache tu kutoka baharini."

"Maji yakiwa yamejaa au yakiwa yamekupwa?"

Kimya. Unasikia karatasi zikifunuliwa, kana kwamba jibu liko kwenye daftari la wageni.

"Bahari iko muda wote, bwana."

Iko muda wote! Bibie huyu anatoka wapi? Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, kwetu yanajaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Saa nne asubuhi! Mtoto amekula, amepakwa mafuta ya jua mpaka anateleza, amevishwa boya, anashuka mbio, na bahari haipo. Imekwenda mwambani. Hatua chache zimekuwa mia kadhaa, juu ya mawe makali na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, ambao mguu mmoja ukiwakanyaga likizo imekwisha. Bahari inarudi saa kumi jioni, mtoto amelala na fulana ya kuogea.

Kwa hiyo anayetaka watoto waogelee asubuhi aje wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Saa nne ile ile atakuta maji yamejaa, na bila vurugu. Anayetaka kupanda boti kwenda kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari, iliyopo tangu 1968, aje bamvua, maji yakiwa chini na matumbawe yako karibu. Kutaka vyote viwili ndani ya usiku tatu ni kutaka mwezi ubembelezwe. Viatu vya kuingilia majini vya kila mtoto, huo si ushauri, ni amri. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja waziache Kitengela. Tangu tarehe 5 Juni 2020 hazitakiwi hifadhini wala ufuoni.

Turudi kwa bibie, simu inakula pesa.

"Bwawa la watoto lipo?"

"Lipo bwana, kubwa."

"Kubwa la nini, mtoto wa miaka 4 halitaki kubwa. Kina chake?"

"Cha kawaida."

Kawaida ya nani, ya watoto au ya viboko? Bwawa la mtoto huyo ni la sentimita 30, ikizidi sana 50, na liwe shimo lake peke yake. Kuna mahali wanachokiita bwawa la watoto ni ngazi pana ndani ya bwawa la wakubwa: hatua tatu maji ya magoti, ya nne mtoto ametoweka. Unauliza kama lina uzio na kigeti kinachojifunga chenyewe. Hakuna, lakini kuna maua. Unauliza kama yupo mtu wa kuwatazama wanaoogelea.

"Yupo bwana, kutwa nzima. Ndiye pia anayeuza vinywaji."

Subira. Mtu mzima hapandishi sauti kwenye simu.

"Watoto mnawatoza vipi?"

Hapa bibie anachangamka. Ameliwekea jibu pambo. Chini ya miaka 3 bure. Kuanzia miaka 3 hadi 11 nusu bei, wakilala chumba cha wazazi wawili. Kuanzia 12 ni mtu mzima. Unamtajia wale wanne.

"Huyu wa 11 amezaliwa lini?"

"Tarehe 12 Agosti."

"Na mnaingia tarehe 11?" Kikokotoo kinalia. "Basi bwana, usiku wa kwanza ni mtoto. Usiku wa pili na wa tatu ni mtu mzima."

"Bibie, atalala mtoto aamke mtu mzima?"

"Ndivyo mfumo ulivyo."

"Basi usiku wa pili atapewa bia?"

"Hapana bwana! Hajafika miaka 18."

"Kwa bili mtu mzima, kwa bia mtoto."

"Lakini atapata keki," anasema bibie, na kusema kweli hapo amejitahidi.

Sasa vyumba. Chumba kimoja kinachukua watu wazima 2 na watoto 2, yule wa mwaka 1 hahesabiwi. Watoto wanaohesabiwa ni watatu, kwa hiyo vyumba viwili. Swali ambalo watu hawaliulizi mpaka wafike: je, vina mlango wa ndani kati yake, au viko "karibu" tu? Ni vitu viwili mbalimbali. Vya mlango wa ndani, unalala mlango wazi unasikia nani anakohoa. Vya karibu...

"Viko karibu sana bwana. Kimoja chini, kingine juu yake. Ngazi ziko hapo hapo."

"Na roshani ya huko juu, nguzo zake zimeachana kiasi gani?" Zikiachana zaidi ya sentimita 10 kichwa cha mtoto kinatafuta njia.

"Roshani inatazama bahari, bwana."

Wallahi mtu anaulizwa nguzo anajibu mandhari! Mtoto wa mwaka mmoja anatambaa, bibie, anatambaa! Hatazami bahari, anatafuta pa kuangukia! Na kitanda cha ziada kina chandarua chake, au ni kile kigodoro kinachoingizwa usiku, chandarua cha wakubwa kinaishia nusu ya mguu wa mtoto, na mbu wa Malindi wanakula fulbodi, milo yote mitatu? Na disko linaishia saa ngapi? "Ni burudani ya kifamilia, bwana, sarakasi, mpaka saa nne. Baada ya hapo ni disko."

Pole yake lakini. Alfajiri yote hii labda ameshapigiwa na shemeji kumi.

Hesabu ndiyo inayouma. Ile 6,500 ya bangoni ni kwa kichwa, kwa usiku mmoja, wawili mkigawana chumba. Wazazi: 39,000. Wa 4 na wa 8, nusu bei: 19,500. Yule anayezeeka usiku: 3,250, kisha 6,500 mara mbili, jumla 16,250. Hiyo ni 74,750, kabla hatujakigusa chumba cha pili, ambacho mzazi akilala peke yake na mtoto, nusu bei mara nyingi inaanza kuchechemea. Uliza kama ile asilimia 16 ya VAT na 2 ya ushuru wa utalii zimo ndani au zinakungoja mlangoni. Uliza fulbodi ni nini, maana vyakula vitatu vimo lakini maji ya kunywa mezani huenda hayamo. Shemeji yeye alikuwa amepiga 6,500 mara tatu, akapata 19,500, akaona inabaki ya kununua korosho Kilifi.

Halafu siku nne zenyewe si nne. Kuingia saa nane mchana, kutoka saa nne asubuhi: ni saa 68. Basi la usiku linawashusha alfajiri, watu sita na mabegi tisa, wanakaa kwenye makochi ya mapokezi mpaka saa nane wakitazama samaki wa mapambo. Anayejua huomba mapema bafu la kubadilishia nguo na ruhusa ya kutumia bwawa kabla ya chumba. Aombe kwa maandishi. Ahadi ya simu huondoka na zamu.

Kunguru wasisahauliwe. Chapati ikiachwa mezani ufuoni ni ya kunguru.

Lakini kinachochoma roho zaidi ya yote ni chakula cha asubuhi. Unauliza bibie, kwa nia njema, watoto wa Kitengela wafaidi pwani: asubuhi kuna nini? Kuna mkate uliokunjwa kama mtu mwenye tumbo la kuuma, kuna jibini ya Kiitaliano, kuna soseji. "Mahamri na mbaazi?" Jumatano tu, usiku wa Kiswahili. Usiku! Mahamri usiku, hii imeanza lini? Hamri ni la asubuhi, limetoka mafutani, limevimba, ukilipasua ndani ni tupu na hewa ya iliki inakupiga usoni, unachota mbaazi za tui zito. Likilala linakuwa kiatu. Na siku hizi hata huku mitaani yamekuwa madogo, unakula manne ndio yanafika pale mawili yalipokuwa yakifika, na yule mama wa kona, ambaye ndiye aliyebaki anayeyakandia kwa tui badala ya maji, saa mbili hana kitu.

Saa hizi ni saa mbili na robo. Zote zimeliwa na simu.