Kamera Iliyomwita Mkwe Wetu Demu

Kikao cha tatu cha kamati ya sendofu ya binti wa mama mdogo kilikuwa kama msiba. Ukumbi umelipwa nusu, ndafu haijulikani itatoka wapi, na mpiga picha ametaja bei iliyomfanya mwenyekiti avue miwani. Ndipo mimi, ambaye ahadi yangu ya elfu hamsini ilikuwa bado ahadi, nikasimama nikasema, "Picha niachieni mimi."

Wakanipigia makofi. Sikuwa na kamera.

Nilikuwa nimeiona moja Kariakoo, Nikon D300, toleo la mwaka 2007, mtumba wa Dubai kwa maelezo ya winga. Siku nne nzima nilibishana na nafsi yangu. Simu yangu ina megapikseli 50, ile kamera ina 12.3. Hesabu ya darasa la tatu inasema baki na simu yako. Jamaa yangu mmoja, anayepiga picha za paspoti saizi, akanicheka. Alisema megapikseli ni idadi ya wageni tu, wewe angalia ukubwa wa ukumbi: sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya D300 ina upana wa karibu milimita 24, ya simu yako inaenea kwenye ukucha wa kidole kidogo. Kisha akashusha sauti.

"Ila kamera ya zamani ni kama bodaboda ya zamani, uliza imetembea kiasi gani. Shata ya hiyo, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, waliijaribu kiwandani mpaka mara 150,000. Usitoe hela kabla hujapiga picha moja ukaniletea hapa kwenye kompyuta. Faili lenyewe litatuambia imeshapiga ngapi."

Ushauri huo nilitembea nao vizuri tu mpaka mlangoni pa duka, nikauacha hapo na vumbi la viatu.

"Bosi wangu!" winga akanipokea. Nikamuuliza kamera imepiga picha ngapi. "Hii ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu, yeye anapiga maua tu. Tena Jumapili." Akaniwekea mkononi. Bila lenzi wala betri ina gramu 825, ukiifunga lenzi unakuwa umeshika tofali lenye heshima zake. Nikamlenga muuza kahawa aliyekuwa akipita, nikabonyeza. Klak! Mlio ule jamani. Simu huigiza mlio, hii inalia kwa chuma chake, unakisikia kioo cha ndani kikiruka na kurudi. Papo hapo muuza kahawa akatokea kwenye skrini, birika linameta, mpaka majivu ya mkaa unayaona. Kwenye picha pameandikwa *Demo*.

"Demo ndiyo nini?"

"Huyo ndiye mwenyewe wa kwanza. Wazungu wanapenda kuandika majina kwenye vitu vyao."

Kumbe mama wa maua anaitwa Demo. Nikatoa laki nne na nusu, roho kwatu.

Nyumbani nikagundua kidirisha kidogo juu ya kamera, chenye tarakimu. Hapo palikaa kimstari, herufi E, kimstari. Sasa mimi nimekulia kiti cha mbele cha daladala ya mjomba. E naijua: mafuta yamekwisha. Nikaichaji usiku kucha. Asubuhi alama ya betri imejaa pomoni, na E ipo palepale. Nikaichaji tena mchana. Jioni E. Nikajisemea betri za mtumba ndivyo zilivyo, hazina msimamo.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema kuliko wapambaji, shati la kitenge cha njano, kamera shingoni. Wageni wakaingia, mlangoni kadi zikakaguliwa, singo huku, dabo kule, na mimi klak, klak. Nilipiga keki kabla na baada. Nilipiga ndafu ikiingia na karoti mdomoni. Nilipanda juu ya kiti, nikalala chini kwenye zulia, nikamwambia mwenyekiti mwenyewe asogee kidogo ananizibia mwanga. Kila nilipobonyeza, picha ilichomoza hapo hapo, safi, na Demo wake.

Ilipofika zamu ya mama wa bwana harusi kulishwa keki, nikamkamata barabara: kilemba kimesimama, kipande cha keki kiko sentimita moja kutoka mdomoni. Akaniita kwa kidole.

"Baba, hebu nione nilivyotoka."

Miwani aliiacha kwenye pochi. Akaishika kamera, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akakunja jicho moja.

"Hapa mmeniandika nini? De... *demu*?"

"Hapana mama, ni Demo."

"Demu wa nani?"

MC alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na kazi ya MC ni kuokota maneno. "Wageni waalikwa, tumepata taarifa hivi punde, mama mkwe wetu ni demu!"

Upande wetu ukalipuka kwa kicheko. Upande wa wakwe vijiko vikasimama hewani. Mama mdogo akanikata jicho lile ambalo utotoni lilikuwa linafuatiwa na kandambili. Nikaona niokoe hali, nikaeleza kwamba Demo ni jina la mama mmoja wa Kizungu, mpenda maua.

"Kwa hiyo picha zangu ni za Mzungu?" mama akauliza.

Mzee mmoja wa upande wao akasimama taratibu, akatamka faini: kreti mbili za soda. Zikalipwa kwenye bajeti iliyookolewa kwa kutoajiri mpiga picha.

Usiku nilitaka kuzitazama. Nikabonyeza kitufe cha kuangalia picha, skrini ikaniandikia Kiingereza, picha sikuiona hata moja. Nikatazama kidirishani: E. Nikaichaji.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea jamaa wa paspoti saizi atoe picha mia tatu. Aliigeuzageuza kamera, akafungua kijimlango ubavuni ambacho mimi nilidhani ni pambo. Ndani palikuwa wazi kama mdomo wa kibogoyo, vijisindano vidogo vimejipanga huko nyuma.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi si zilichukuliwa mlangoni."

"Kadi ya picha, ndugu yangu."

Akakaa. Akanieleza polepole, kama daktari: kamera hii haina memori ya ndani kama simu. E ndiyo taarifa yenyewe kwamba kadi haimo. Na mtu aliyekuwa nayo kabla yangu aliiwekea mpangilio wa kuonyesha dukani, ikiwa tupu inapiga, inakuonyesha picha, haiiweki popote. Ndiyo maana ya Demo. Kadi yake yenyewe ni ile ya kizamani, CF, pana karibu kama kiberiti. Nikampigia winga. "Kadi zipo bosi, ila hizo siku hizi adimu kidogo, tutaongea vizuri."

Mama mdogo niliongea naye kwa simu, nikiwa mbali. Ikabidi niombe picha kwa kila aliyekuwa na simu ukumbini. Zikaja sitini na tatu. Keki ipo, ndafu ipo, bibi harusi yupo vipandevipande, kwa sababu katika picha arobaini na moja, mbele ya kila jambo la maana, kuna mgongo mpana wenye shati la njano umeinama na kamera.

Albamu ilichapwa hivyohivyo. Wiki iliyopita niliipeleka kwa wakwe mwenyewe, na soda juu. Mama alivaa miwani safari hii, akafunua ukurasa mmoja mmoja kimya, akafika mwisho, akaifunga. Kisha akageukia jikoni akaita kwa sauti.

"Jamani, leteni chai. Demu amefika."